Vigingi vya Shamba la Chini

Kosa ninalotaka kulianika hapa ni wivu, na sitaliita kwa jina jingine lolote la kulipunguzia aibu. Wako wanaosema kwamba wivu ni kupenda kulikozidi kipimo; hao hawajapata kukaa nao nyumba moja. Sisi tulikaa nao. Ulikula sahani moja nasi, ukamvua kaka yangu busara, ukamvika mama yangu uso nisioujua, na mimi, mtoto wa shule, ukanifundisha kuona kitu ambacho hakikuwapo.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi, baada ya matanga ya baba kwisha, ndugu zangu walimleta mpima ardhi nyumbani kwetu, kwenye kilima kinachotazamana na soko la Magwagwa. Mpima alikata matawi ya mkalitusi, akayachonga ncha kwa panga na kuyarundika kwenye nyasi. Harufu ya mti ule mbichi, kali kama dawa ya kifua, ilinipanda puani, na kabla kigingi cha kwanza hakijagongwa nilikuwa tena msichana wa darasa la tano, nimejibanza kati ya migomba, nikimtazama baba akigonga vigingi katika shamba lile lile.

Baba, ambaye sisi watoto tulimwita Tata, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mchana na kocha wa timu ya kijiji jioni. Ninyi wa rika langu mnazikumbuka timu za namna hiyo: jezi zilizofuliwa kwa zamu nyumba hadi nyumba, mpira uliotiwa viraka na fundi viatu wa sokoni, na kiwanja ambacho leo hakuna mtu angethubutu kukiita kiwanja. Chetu kilikuwa mteremko mtupu. Goli moja lilikuwa juu, karibu na kanisa. Jingine lilikuwa chini, na nyuma yake shamba la majani chai. Mpira uliokosa goli la chini ulitumbukia kwenye chai, na wanawake waliokuwa wakichuma, vikapu mgongoni, waliurusha nyuma pamoja na maneno yao.

"Mura, wewe kijana, unapiga goli ama unapiga majani?"

"Mwacheni, anataka kazi ya kuchuma huyo!"

Mteremko huo ulitushindia mechi nyingi. Baba aliwaachia wageni upande wa juu kipindi cha kwanza, nao walilewa ule wepesi wa mpira unaoshuka wenyewe. Walikimbia wote kushambulia hadi mapafu yakawaka. Kipindi cha pili walipoanza kupanda kilima, miguu ilikuwa imekwisha, nasi tukawashukia kama maji ya mvua. Aliyekuwa mbele ya maji hayo ni kaka yangu Bosire, mzaliwa wa kwanza, mshambuliaji wa kati, kijana ambaye wanawake wa sokoni walikuwa wamemtungia wimbo. Mama alipopita kwenye vibanda vya ndizi aliuziwa kwa bei ya kindugu kwa sababu ya wimbo huo. Jina la Bosire lilikuwa mali ya nyumba nzima, na mimi nililitumia shuleni bila kuomba ruhusa.

Ugenini tulikuwa timu nyingine kabisa. Kwenye viwanja tambarare vya upande wa Kisii, wenyeji walikwisha kutujua. Hawakutufuata. Walirudi nyuma wote, wakajaa mbele ya goli lao kama watu waliokimbilia mvua chini ya paa la duka, wakatungoja. Bosire alidai mpira katikati, akapewa, akajitosa ndani ya msitu ule wa miguu, akapotea. Akaudai tena, akapotea tena. Mechi zikaisha bila goli, au zikaisha kwa goli moja la kuvizia langoni kwetu dakika ambazo watu huanza kutafuta viatu vyao. Tulirudi nyumbani ndani ya lori la majani chai bila wimbo. Baba alikaa mbele na dereva, na alichosema usiku mmoja aliposhuka ni hiki tu: "Mlango umefungwa, nanyi mnaugonga kwa kichwa."

Ndipo akamleta Makori.

Alimwona kwenye michezo ya shule huko Nyamira: mvulana mwembamba anayecheza pekupeku, mguu wa kushoto, yatima aliyelelewa na nyanya yake. Baba alikwenda kwa yule bibi, wakazungumza, na juma lililofuata Makori akafika kwetu na blanketi moja na sare ya shule iliyompita urefu. Alipewa kulala katika esaiga, ile nyumba ndogo ya wavulana, kitanda kando ya kitanda cha Bosire. Alikuwa na adabu iliyokera. Aliamka kabla ya sote, akafagia ua kabla hajaambiwa, akaninyang'anya mtungi wa maji njiani na kuubeba mwenyewe. Mtoto mwenye wivu hana jambo baya zaidi la kuliona kwa mgeni kuliko wema wake.

Kisha likaja suala la yai. Kwetu mayai yalikuwa ya kuuzwa. Sisi watoto tuliyaokota yakiwa na joto, tukayapanga kwenye bakuli la bati, na hapo urafiki wetu nayo ukaisha. Baba aliagiza Makori apewe yai moja la kuchemsha asubuhi za siku za mazoezi, kwa kuwa alikuwa amekonda. Nilimtazama akilimenya. Aliligawa kwa uzi, sawasawa, akaninyooshea nusu.

"Kerubo, shika."

Niliweka mikono nyuma. Sikuwa na njaa ya yai. Nilikuwa na njaa ya kumwona akilaumiwa.

Baada ya yai vikaja viatu. Katika ghala vilining'inia viatu vya mpira vya baba mwenyewe, vya ngozi, vya ujana wake, na Bosire alikuwa akivipima mguuni kila likizo akingoja vimtoshe. Baba alivishusha akampa Makori. Sababu yake ilikuwa ya haki: Bosire alikuwa na viatu, Makori hakuwa navyo. Lakini haki isiyoelezwa huonekana kama dhuluma, na baba hakuwa mtu wa kueleza. Nalisema hili nikimheshimu marehemu: alikuwa na maneno ya kutosha darasani, na akifika nyumbani yamekwisha.

Siku moja kwenye chemchemi tulikokuwa tukiteka maji, jirani mmoja alimwangalia mama kwa jicho la mzaha.

"Mama Bosire, huyo mgeni wako, hilo paji la uso amelitoa wapi?"

"Kwa mama yake," mama akajibu.

"Na hilo la mwalimu nalo limetoka kwa mama huyo huyo?"

Wanawake wakacheka. Mama akacheka nao, kisha akapanda kilima, maji yakimmwagikia shingoni kwa jinsi alivyotembea kwa haraka. Tangu siku hiyo Makori alipakuliwa chakula wa mwisho. Hakunyimwa, mama yangu hakuwa mtu wa kumnyima mtoto. Lakini ugali wake ulipoa kwenye mwiko, na sahani yake iliwekwa mezani kwa sauti.

Hapo ndipo vigingi vilipoingia.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kigingi ni nini. Wa kwingine na ajue kwamba vilima vyetu vimekatwa vipande vyembamba kutoka kileleni hadi mtoni, kila mwana na kipande chake, na kila kizazi kikikikata kipande hicho kwa urefu hadi kinakaribia kuwa njia. Mtu akiona kigingi kimesimamishwa shambani hachukulii kwamba ni mti. Ni hukumu.

Jioni moja Bosire alinikuta nyuma ya jiko nikichambua mboga.

"Njoo uone," akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Tuliteremka kwa kuinama hadi kwenye migomba. Katika shamba la chini, ambalo mahindi yake yalikuwa yamekwisha kuvunwa, baba alikuwa akigonga vigingi vya mkalitusi. Makori alimfuata na mzigo mwingine kifuani. Vigingi vilisimama katika safu mbili, ya nyuma imebanana zaidi na kigingi kimoja kimesogea kidogo upande wa mto, na kila kimoja kilifungwa tambara jekundu lililochanwa kutoka shuka kuukuu, kama wapima wanavyofanya ili alama ionekane kutoka mbali. Kimoja tu, mbele ya vingine, kilikuwa na tambara jeupe. Upepo wa mtoni ulichukua maneno yote. Tulibakiwa na mlio wa nyundo. Tulimwona baba akimshika Makori begani na kumtembeza kutoka kigingi hadi kigingi, akimwonyesha kwa mkono hadi ukingoni mwa mto. Kisha baba akaking'oa kile cheupe, akakisogeza mbali kuelekea upande wa pili, akaving'oa viwili vyekundu na kuvisogeza kukifuata. Makori akaitikia kwa kichwa, akakimbia akapita mahali palipoachwa wazi.

"Anamkatia," Bosire akanong'ona.

"Anamkatia nini?"

"Kerubo, wewe unaenda shule kufanya nini? Vigingi ni vya nini? Anamkatia shamba. Lile la chini, lenye maji. Na umeona hicho cheupe? Ndio pembe. Ameanza kuisogeza, anamwongezea."

Nililia pale kwenye migomba, kamasi na machozi, kwa ajili ya ardhi ambayo kwa desturi ya kwetu wakati ule hata udongo wa kujaza kiganja usingekuwa wangu. Hilo nimelitafakari sana ukubwani. Msichana anayelia kwa sababu mvulana mmoja anachukua kisichokuwa chake, akiwa tayari kukiona chote kikienda kwa mvulana mwingine. Wivu una uwezo wa kumfanya mtu alinde kwa machozi ukuta uliojengwa kumfungia nje.

Mama aliambiwa. Alishuka siku iliyofuata akijifanya anatafuta kuni, akasimama kando ya safu zile mbili, kamba ya kuni mkononi, muda mrefu. Sabato tulipita hapo sote tukienda kanisani, viatu vimepakwa mafuta, na hakuna aliyegeuza shingo. Mama hakumwuliza baba. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba maneno ya chemchemi yalikuwa yamemwingia.

Na baba alimwita Bosire. Hilo lazima lisemwe. Alisimama mlangoni mwa esaiga jioni moja akasema, "Bosire, njoo shamba la chini." Sasa, kwetu mwana mkubwa huitwa ashuhudie mpaka ukiwekwa, ili baadaye asije akaukana. Bosire aliusikia wito ule kama wito wa kutia sahihi kifo chake mwenyewe. Akajibu kwamba ana kazi ya shule. Baba alingoja kidogo, akaondoka, na hakumwita tena.

Tangu hapo Bosire hakumpa Makori mpira. Katika mazoezi kijana yule alisimama peke yake upande wa kushoto, mkono juu, nafasi mbele yake kama uwanja wa kanisa siku ya Jumatatu, na Bosire hakumwona. Baba alipaza sauti: "Kushoto!" Bosire akageukia kulia. Makori hakulalamika wala hakushusha mkono, na mkono ule ulinichukiza zaidi ya jambo lolote alilowahi kufanya.

Mechi ya mwisho ilikuwa Suneka. Mshindi angepanda daraja. Wenyeji, waliotuzidi pointi moja, walitosheka na suluhu, sisi hatukutosheka na kitu kingine ila goli. Kila mtu alijua watacheza vipi. Asubuhi ile, Jumapili, Bosire alikuwa jikoni akifunga kamba za viatu vyake, na mama akichuja uji wa wimbi kwenye dumu ambalo mimi nilipaswa kuwabebea wachezaji.

"Mama," Bosire akasema bila kuinua uso, "leo tukishinda kwa mguu wa huyo, atakuwa mtoto wa nyumba hii kabisa kabisa. Hakuna mtu atamtoa."

"Nyamaza. Baba yako yuko nje."

"Afadhali tusishinde."

Mama aliendelea kuchuja uji. Hakumwambia amekosea. Niliinua dumu nikatoka, na yale maneno nikayabeba pamoja nalo hadi Suneka.

Lori lilishuka kupitia mji wa Kisii na kutokea kwenye joto ambalo sisi watu wa juu huliona kama nchi nyingine. Kiwanja kilikuwa tambarare kama meza. Wenyeji walikuwa wamejipanga pembeni tangu asubuhi, na tulipoteremka walitupokea.

"Karibuni watu wa mlimani! Hapa mpira hauteremki wenyewe, mtausukuma!"

"Mmekuja na lori la chai? Mtarudi nalo tupu!"

Walivaa jezi nyekundu. Sisi tulivaa nyeupe, zilizofuliwa juma lile na mama.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kama vile tulivyozoea. Wekundu walirudi nyuma wote, safu mbele ya safu, na Bosire akajitosa katikati yao. Akapotea. Mashabiki wetu wachache wakaanza kuwatukana wenyeji kwa kukata tamaa: "Mmekuja kucheza ama kuanika mahindi? Tokeni hapo mlangoni!" Wenyeji wakajibu kwamba kwao mlango hufungwa wageni wakija na mikono mitupu. Kushoto, mbali, Makori alisimama, mkono juu, ndani ya viatu vya baba. Baba alikaa kwenye ubao wa wachezaji wa akiba, kofia magotini.

Kipindi cha pili Bosire alikanyagwa kifundo cha mguu. Refa akasimamisha mchezo, wakamtoa nje akichechemea, akaja kukaa juu ya ukingo wa mtaro nilipokuwa nimekaa na dumu langu. Nilikuwa nikimmiminia uji. Wekundu walibaki mahali pao, wakipumua, wakingoja mpira urushwe. Kutoka juu ya ukingo ule niliwaona wote kwa mara moja, wamesimama tuli, na uji ukamwagikia vidole vyangu.

Nilikuwa nimewahi kuwaona. Safu mbili, ile ya nyuma ikiwa imebanana zaidi, yule mmoja aliyesogea kidogo upande wa mto, isipokuwa hapa hapakuwa na mto. Wekundu, wekundu, wekundu.

"Bosire. Ni vigingi."

"Nini?"

"Hao. Ni vile vigingi vya shamba la chini. Tazama walivyosimama. Tata hakuwa anapima shamba."

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyechoka, kisha akatazama uwanja.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Si unaona?"

Jasho lilimdondoka kutoka kidevuni likaingia kwenye kikombe cha uji. Aliposema tena alikuwa akisema na nafsi yake.

"Na kile cheupe?"

Alishika jezi yake nyeupe kwa vidole viwili, kifuani, akaivuta kama mtu anayetaka kuhakikisha ni ya nani. Kila jioni, kwa majuma yale yote, baba alikuwa akimsimamisha yeye katikati ya shamba. Bosire alikataa kuja, basi baba akachonga kijiti, akakifunga kitambaa cheupe, akakiweka mahali pa mwanawe. Na kile tulichokiona kuwa pembe ya shamba ikisogezwa kumwongezea mgeni kilikuwa Bosire akiondoka mbele ya goli, akienda pembeni, akiwavuta wekundu wamfuate, ili nyuma yake pafunguke.

Alirudisha kikombe kikiwa bado na uji nusu.

Niseme wazi kwamba kujua ukweli hakukumponya. Kitu alichokuwa anaombwa kilikuwa kigumu kuliko kumpenda mgeni: aliombwa kuondoka mahali ambapo wimbo wake ulitungiwa, na kumwachia mwingine nafasi ya kufunga. Aliingia uwanjani akichechemea, akasimama mahali pake pa siku zote, na nikafikiri, hatakubali. Kisha akaanza kutembea. Hakukimbia. Alitembea kuelekea kulia kama mtu anayekwenda kuchukua koti alilolisahau, na wenyeji wakapiga kelele za furaha.

"Amechoka! Mlimani ni mbali!"

"Mwonyesheni lori liko wapi!"

Beki wao wa kati alimtazama, akasitasita, akamfuata. Mwingine akafuata. Mpira ukamfikia Bosire karibu na mstari, mgongo wake ukiwa kwa goli, wekundu watatu wamemzingira. Aliukanyaga. Aliinua kichwa akatazama kushoto, kule mkono ulikokuwa juu, na akakaa nao. Akakaa nao muda uliotosha baba kusimama na kofia kuanguka. Mimi najua alichokuwa akipima wakati ule, kwa kuwa nilikipima pamoja naye: yai, viatu, paji la uso, kicheko cha chemchemi. Vyote vilikuwa chini ya kile kiatu pamoja na mpira.

Akaupiga. Uliruka juu ya vichwa vya wote, ukatua mahali palipoachwa wazi, na Makori akawa amekwisha kukimbia kabla haujafika, kama alivyokimbia kati ya vijiti. Mguu wa kushoto. Mpira ulikwenda chini, bila kelele, ukapita mkono wa kipa.

Watu wetu waliimba wimbo wa Bosire, kwa sababu hawakuwa na mwingine. Aliyefunga goli aliuimba nao, kwa sauti kuliko wote, akiwa bado na vumbi mdomoni. Nilimwona kaka yangu akimtazama akiuimba, na nikamwona akishindwa pa kuweka uso wake.

Ndani ya lori Bosire hakuomba radhi. Wavulana wa wakati wetu hawakufundishwa kazi hiyo. Tulipopita Kisii ndipo alipomwambia Makori, akiangalia nje:

"Mura, huo mguu wa kushoto, nani alikufundisha?"

"Nyanya."

"Nyanya yako alicheza mpira?"

"Hapana. Alinichapa nikishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Sasa nikahamia kwa mguu."

Lori zima likacheka, na Bosire akacheka wa mwisho, kwa shida, kama mtu anayekohoa mfupa.

Siku iliyofuata mama aliving'oa vigingi mwenyewe, akavileta jikoni akavitia motoni. Nyumba ilijaa moshi wa mkalitusi, machozi yakatutoka sote, na hakuna aliyehitaji kueleza machozi yake. Makori alipakuliwa ugali wa kwanza, kutoka katikati ya sufuria. Alipomenya yai asubuhi na kuninyooshea nusu, niliichukua. Ilikuwa na chumvi kidogo kuliko nilivyotazamia.

Nisidai kwamba wivu ulikufa siku ile. Uliishi nasi miaka mingine, ukizeeka. Bosire alipofeli mtihani ambao Makori aliufaulu, uliinuka ukatembea tena. Na baba hakupata kutuambia kama alijua tulichokidhani. Kwa hilo simsamehe kikamilifu. Neno moja tu mlangoni mwa esaiga, "njoo tufanye mazoezi", lingeokoa majuma ya sumu. Kunyamaza si lazima kuwe hekima. Mara nyingine ni kiburi kilichovaa koti la mwalimu.

Basi majuzi, na harufu ile puani, nilikuwa nimeketi chini ya paa la jiko. Makori alikuwa kando yangu. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Nyamira sasa, ana mvi na tumbo, na alikuja kutuzikia baba kama wanavyozikwa baba na wana wao. Nikamwambia aende kule wanaume walipo.

"Nitakaa huku, Kerubo," akasema. "Nikisimama karibu na vigingi watu watasema."

Nikamgeukia. Alikuwa akitazama mikono yake. Hapo nikajua kwamba siku zote, tangu migombani, alikuwa anajua tulichomdhania.

Kule shambani sauti zilikuwa zimepanda. Bosire na mdogo wetu Ombati, aliyekuwa bado mgongoni mwa mama enzi zile za vigingi, walikuwa wakigombania shamba la chini. Mpima alitaka mtu wa kushika mwisho wa utepe wa kupimia. Bosire akaushika, Ombati akasema atauvuta ndani. Ombati akaushika, Bosire akasema huyu tangu jana anapima kwa macho. Wakatajwa wajomba, wakatajwa majirani, na kila aliyetajwa alikataliwa na mmoja wao. Mpima akaviringisha utepe wake.

"Wazee, mimi nina kazi kwingine. Nipeni mtu mmoja ambaye nyinyi wawili mnajua hatasogea hata kidole. Mmoja tu. Yuko ama hayuko?"

Walisimama wamepeana migongo. Kisha kaka yangu, akichechemea kidogo kwa kile kifundo ambacho hakikupona sawasawa, aligeuka akaelekea jikoni tulikokuwa. Ombati hakumpinga. Bosire aliinua mkono wake juu, wote, kama mtu anayeomba mpira kutoka upande wa pili wa uwanja, na akaita:

"Makori!"